Dongo la udongo: yule Mzungu anayebeba paa la hekalu kule Tainan

Swali la msomaji: Shikamoo mwalimu. Nilikuwa Tainan, Taiwan, kwa kozi fupi, Jumapili moja tukapelekwa kwenye hekalu la zamani. Juu kabisa kwenye kona ya paa nikaona kijisanamu cha udongo, mtu mwenye pua ndefu na nywele za mawimbi, kachuchumaa, boriti iko begani, uso umekunjamana kama kabeba gunia la mahindi. Aliyekuwa anatutembeza akasema huyo ni ofisa wa Kiholanzi, wenyeji walimfinyanga hivo kulipiza kisasi cha ukoloni. Wenzangu wakacheka, wakapiga picha, tukaondoka. Mi nimebaki na maswali. Ni kweli au ni stori ya kuchangamsha watalii? Na kama ni kweli, hao wakubwa walikuwa hawaoni? Nimenunua mfano wake mdogo dukani na kila siku namwangalia.

Jibu: Marahaba dada. Umeuliza swali ambalo wengi wanalipita na simu zao mkononi, ngoja nikujibu taratibu maana hili siyo la ndiyo au hapana. Kwa kifupi, kejeli ipo kweli, tena ya makusudi kabisa, ila huyo ofisa wa Kiholanzi nina mashaka naye. Sisi tunasema kumrushia mtu dongo, wenzetu wale walilirusha dongo lenyewe, wakalipaka rangi, wakalichoma kwenye tanuri na wakalipandisha darini kwa mungu wao, sasa ukitaka kujua lilimlenga nani inabidi uangalie fundi alikuwa anaishi mwaka gani na dirishani kwake alikuwa anamuona nani.

Tuanze na jina maana jina lenyewe ni nusu ya jibu. Kwa Kihokkien, lugha ambayo watu wengi wa kusini mwa Taiwan wanaongea nyumbani, kale kajamaa kanaitwa hám-hoan. Hám ni bwege, mtu mzito wa akili, yule ukimwambia beba anabeba hata hajauliza kwa nini. Hoan ni mtu wa nje, na siyo mgeni wa kukaribishwa chai, ni mgeni kwa maana ya mshenzi, mtu asiye na ustaarabu. Msemo kamili ni bwege wa kigeni anabeba kona ya hekalu. Kwahiyo mtu asikudanganye kwamba kejeli imebuniwa na kampuni za utalii juzijuzi, imekaa kwenye jina tangu mwanzo na bibi wa kule anayeuza matunda nje ya hekalu atakutamkia bila kufikiria.

Sasa kazi yenyewe. Mapambo mengi ya aina hiyo yanaitwa udongo wa Koji, jina ambalo Wajapani walilitumia kwa sababu waliamini vyombo vya namna ile vinatoka Jiaozhi, upande wa Vietnam ya kaskazini, wakati kwa Taiwan ufundi ule uliingia na mafundi kutoka Guangdong na Fujian, mikoa ya kusini mwa China. Ni udongo laini, unafinyangwa kwa mkono, ndani unaachwa wazi ili usipasuke motoni, unachomwa kwa moto mdogo tu, nyuzi 800 hadi 900 hivi, wakati porselini inataka zaidi ya 1,200. Juu yake inapakwa rangi ya kioo yenye madini ya risasi, ndo maana ile kijani na ile njano inang'aa kama pipi iliyolambwa. Ila moto mdogo una gharama yake, kitu kinabaki dhaifu, ukikigonga na kucha kinatoa sauti ya kigae cha chungu, hakilii kama kikombe.

Niliwahi kushika mmoja mkononi, karakana ya ukarabati, kasanamu kenyewe hakafiki urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi vidole, mkono mmoja ulishakatika. Kilichonishangaza siyo uso. Ni mgongoni. Mgongoni ambako hakuna mtu atakayewahi kuona kwa sababu panagusa ukuta, fundi alikuwa amepaacha na alama za vidole vyake, udongo umebonyezwa harakaharaka, lakini mbele alikuwa amekaa na kijiti akachora kifungo kimoja kimoja cha koti, vifungo vitano, na cha tatu kimefungwa kwenye tundu siyo lake. Yaani bwana mkubwa kavaa koti upogo! Hekalu liko juu mita ngapi sijui, muumini anayefukiza ubani chini hawezi kuona kile kifungo hata akivaa miwani, fundi alikuwa anacheka peke yake. Huenda nimesoma zaidi ya kilichokuwepo, huenda mkono ulimtetereka, lakini nimefinyanga miaka mingi na mkono ukitetereka hauweki kifungo vizuri kwenye tundu lisilo lake.

Haya, Waholanzi. Hawa walikuwepo kweli na walikuwa na sababu zote za kuchukiwa. Kampuni yao ya biashara ya Mashariki ya India ilikaa Taiwan kuanzia 1624, ngome yao kubwa Zeelandia ikiwa pale ambapo leo panaitwa Anping, hukohuko Tainan ulikokuwa. Waliwaleta wakulima wa Kichina kutoka ng'ambo ya bahari walime miwa na mpunga, afu kuanzia 1640 wakawawekea kodi ya kichwa, unalipa kila mwezi na unatembea na karatasi ya kuonyesha umelipa, askari akikukuta huna una kesi. Mtu wa kwetu hapo hahitaji maelezo, ni kodi ya kichwa ileile, ni kipande kilekile walichovalishwa shingoni babu zetu Kenya miaka karibu 300 baadaye. Na askari nao wakaigeuza karatasi kuwa mradi, wanavamia nyumba usiku kukagua, wasipopewa chochote wanachukua kuku. Malalamiko hayo yamo mpaka kwenye kumbukumbu za Kampuni yenyewe, siyo maneno ya kusimuliwa tu.

Septemba 1652 wakulima wakaamka chini ya mtu anaitwa Guo Huaiyi, silaha zao mianzi iliyochongwa na majembe, na wakasambaratishwa ndani ya siku chache, waliouawa ni maelfu. Mwaka uliofuata Waholanzi wakajenga ngome nyingine, Provintia, ndani ya mji, kuwaangalia watu kwa karibu. Mwaka 1661 Zheng Chenggong, jemadari wa Kichina ambaye Wazungu wanamwita Koxinga, akaja na meli zake, akaizingira Zeelandia miezi tisa na gavana Frederick Coyett akasalimu amri Februari 1662. Wakapanda meli, wakaondoka, ukoloni wa Kiholanzi pale Tainan ukaishia hapo.

Umeona tatizo? Wameondoka 1662. Hekalu ulilotembelea, kama ni la kawaida ya Tainan, hata kama ibada yake ilianza zamani hizo, paa na mapambo yake yamejengwa upya mara kadhaa, udongo huu nimekwambia ni dhaifu, mvua ya pale na tufani na matetemeko haviuachi, na kazi za zamani ambazo zipo leo na tunajua mafundi wake ni za miaka ya 1800 kuja huku. Fundi bingwa wa kwanza tunayemjua kwa jina, Ye Wang wa Chiayi, mji ulio kaskazini ya Tainan, kazaliwa 1826. Yaani kati ya Mholanzi wa mwisho na fundi huyo kuna miaka 164! Mtu gani anamrushia dongo ofisa aliyeondoka kabla babu wa babu yake hajazaliwa? Inawezekana, chuki za kodi zina maisha marefu, lakini mi siwezi kuiita malalamiko dhidi ya ofisa, hiyo ni kumbukumbu, na kumbukumbu haimuumizi mtu ambaye hayupo.

Na kuna jambo lingine ambalo watembeza watalii hawalisemi kwa sababu linaharibu utamu. Kajamaa kanakobeba jengo ni kakongwe kuliko Waholanzi wote. Ng'ambo ya bahari kule Quanzhou, mji ambao mababu wa Wataiwan wengi wametokea, kuna minara miwili ya mawe ya hekalu la Kaiyuan, imejengwa kati ya 1228 na 1250, na chini kabisa kwenye kona za kitako wamechuchumaa watu wafupi wa mawe, mbavu zimewatoka, wanabeba mnara mzima. Hakuna Mholanzi hapo, Uholanzi yenyewe kama nchi ilikuwa bado. Wale ni majitu ya nguvu ya hadithi za Kibudha. Sasa fundi wa Taiwan karithi umbo lililokuwa tayari, mtu anayebeba, alichofanya ni kumbadilishia sura. Kamtoa jitu la dini kamuweka mtu mwenye pua. Ujanja uko hapo, na ndo sababu nikasema kejeli ni ya kweli, maana kumbadilisha sura ni uamuzi, mtu hafinyangi pua ndefu kwa bahati mbaya.

Na pua ndefu yenyewe nayo Wachina wameifinyanga tangu enzi ya Tang, 618 hadi 907, kwenye makaburi ya wakubwa wamezika vijisanamu vya wafanyabiashara wa ngamia kutoka Asia ya Kati, ndevu, pua, macho yametoka, vingine vimetengenezwa kwa heshima na vingine vya kuchekesha waziwazi. Na humohumo, dada, kuna watu weusi wa nywele za kipilipili, waliitwa Kunlun, wengi wao pengine walitoka visiwa vya kusini mashariki mwa Asia, lakini Wachina wa Tang walikuwa na neno lingine pia, sengzhi, ambalo ndani yake unasikia Zanji, watu wa pwani yetu. Nalisema hili ili tusiangue kicheko haraka tukidhani kejeli ya mfinyanzi inamchagua mkoloni tu. Mfinyanzi anamcheka yeyote anayemshangaza, na sisi tumo.

Sasa turudi kwa Ye Wang, maana hapa ndo naona jibu lako lilipo. Huyu alikuwa bwana mdogo wa Chiayi, inasemekana alijifunza kwa fundi wa Kiguangdong aliyekuja kufanya kazi ya hekalu pale mjini, na miaka ya 1860 akafanya kazi kubwa kwenye hekalu la Ciji huko Xuejia, kaskazini mwa Tainan, ambako kazi zake zilizobaki siku hizi ziko kwenye jumba la makumbusho la hekalu hilohilo. Nenda ukaone siku ukirudi, kila uso ni wa mtu tofauti, utasema amewafinyanga majirani zake wa sokoni.

Hiyo miaka ya 1860 Taiwan ilikuwaje? Baada ya Waingereza na Wafaransa kuipiga China, mikataba ya 1858 na 1860 ikafungua bandari, na Anping ikawa mojawapo. Makonsuli wakaja, makampuni yakaja, wote wanataka kafuri, ile karafuu maiti tunayoijua sisi kwenye sanda, kule misitu ilikuwa imejaa miti yake. Serikali ya Qing, ukoo wa kifalme uliokuwa unatawala China, ikasema biashara ya kafuri ni yake peke yake, Waingereza wakasema hapana, shehena zikakamatwa, watu wakapigwa, na Novemba 1868 konsuli John Gibson akaita manowari. Luteni mmoja anaitwa Gurdon akaishambulia Anping kwa mizinga, usiku akashuka na watu wachache akaiteka ngome, na mambo yakaisha kwa maafisa wa Kichina kulipa fidia na kuachia kafuri. Ye Wang alikuwa na miaka 42, anafanya kazi mwendo wa siku moja tu kutoka hapo. We niambie, huyo fundi na wenzake wakitaka mfano wa bwege wa kigeni mwenye pua na koti la vifungo wangetafuta Mholanzi wa hadithi za babu, au Mwingereza aliyepita barabarani wiki iliyopita akiwa jasho linamtoka?

Haya ni maoni yangu, siyo kwamba nina barua ya Ye Wang. Ila tazama koti. Picha nyingi za hao mabwege nilizoziona, zile za zamani, koti lake ni lile la kubana la karne ya 19, wengine wana masharubu ya kusokotwa, wengine kofia ya ukingo mdogo. Mholanzi wa 1650 alivaa suruali ya bwaga na kola pana ya lesi mabegani, na kola ya lesi ni kitu ambacho mfinyanzi yeyote angefurahia kukifinyanga kwa sababu inachekesha zaidi. Hawakuifinyanga. Kwahiyo jina la Mholanzi nadhani limebandikwa baadaye, kwa sababu kila mtoto wa shule Taiwan anajua Waholanzi walitawala na Koxinga akawafukuza, ni stori safi ina mwanzo na mwisho. Konsuli wa kafuri anahitaji maelezo ya nusu saa.

Umeuliza wakubwa hawakuona? Waliona nini sasa. Kwanza kiko juu. Pili, ukimuuliza fundi huyu ni nani atakwambia ni jitu la nguvu linalinda nyumba ya mungu, mzee, na kubeba nyumba ya mungu ni thawabu. Utamfanya nini? Ndo raha ya fumbo, lina mlango wa nyuma, kama kanga: umepita mbele ya jirani na maandishi yako mgongoni, akikasirika unamwambia nilinunua kwa sababu ya rangi. Halafu lugha ya mahekalu ya kule yote ni ya mafumbo, ukuta mzima unasomwa kwa sauti za maneno. Utamkuta mmoja kashika bendera na tufe, mwenzake kashika mkuki wa aina fulani na kengele ya jiwe, hazina uhusiano wowote mpaka uzitaje kwa Kichina, qi, qiu, ji, qing, ndo unasikia ni dua ya kuomba heri. Na wanaoshika vitu hivyo mara nyingi ni haohao wageni wa pua ndefu! Mgeni anayeleta hazina ni ishara ya bahati tangu zamani. Kwahiyo hata mwenyewe ukiwa konsuli ukanyanyua shingo ukajiona pale juu, hujui kama umetukanwa au umebarikiwa, na fundi ameshakusanya vifaa vyake kaenda hekalu linalofuata.

Kejeli hii ilikuja kuwa na kazi zaidi chini ya Wajapani, waliotawala 1895 hadi 1945, na hapa ukimya haukuwa tena mchezo. Mwaka 1915 watu wa Tainan walipanga maasi, na walikuwa wanakutania hekaluni, hekalu la Xilai, ndo maana tukio lenyewe linaitwa kwa jina hilo. Waliohukumiwa kifo ni 866, wakanyongwa 95 kabla ya wengine kupunguziwa adhabu. Baada ya hapo serikali ikaanza kuandikisha mahekalu na miungu yake kisiwa kizima, nani anaabudu nini, nani mtunza fedha, polisi wanajua. Na katikati ya macho hayo mahekalu yakaendelea kukarabatiwa kwa fujo, Taipei kule hekalu la Bao'an lilijengwa upya 1917 na timu mbili za mafundi zikishindana, hii upande wa mashariki, ile upande wa magharibi, kila moja inataka kumuaibisha mwenzake. Kwenye kuta wakaweka mashujaa wa tamthilia za kale, Falme Tatu, majenerali waaminifu wanaowapiga wavamizi. Polisi wa Kijapani akija anaona hadithi ya zamani ambayo hata yeye kaisoma shuleni. Muumini anaona mvamizi anapigwa. Wote wako sahihi.

Wajapani mwishoni walichoka kubahatisha, baada ya 1937 wakaanza kampeni ya kuwafanya watu wote Wajapani, mahekalu mengi yakafungwa au kubomolewa na miungu ikachomwa moto, wakaambiwa eti imepandishwa mbinguni. Vijisanamu vingi vya udongo vilipotelea hapo.

Kama unataka kejeli isiyojificha sana nenda ng'ambo, Foshan, mkoa wa Guangdong, mji wenye tanuri za Shiwan ambazo ndo zilitoa mapambo ya paa kwa mahekalu ya Wachina mpaka Asia ya kusini mashariki. Kwenye hekalu la mababu la pale kuna meza ya sadaka, siyo udongo, ni mbao iliyopakwa dhahabu, ya mwaka 1899. Imechongwa shujaa wa kale Li Yuanba akimtiisha farasi dume wa ajabu, hadithi ya zaidi ya miaka elfu nyuma, lakini walioshindwa wanaopiga magoti mbele yake wamevaa kofia ndefu na makoti ya Kizungu. Mwaka 1899! Wakati mataifa ya Ulaya yanagawana bandari za China kama nyama ya harusi. Hapo hakuna cha jitu la kulinda mlango, kila mtu alijua.

Usichanganye na vyombo vingine vya Kichina vyenye wanasiasa wa Ulaya utakavyoviona makumbusho, vile ni biashara. Kuna sahani za bluu na nyeupe zinazoonyesha watu wa Rotterdam wanabomoa nyumba ya mkuu wao wa sheria mwaka 1690, baada ya kijana aliyegombana na watoza kodi ya mvinyo kukatwa kichwa, ni hasira ya Waholanzi kwa mkubwa wao wenyewe, walichukua picha ya medali wakawapelekea Wachina wachore, na mchoraji wa kule alikuwa analipwa kwa sahani, Rotterdam hajui iko wapi. Na kuna vikundi vya vijisanamu vyeupe vya porselini vya Dehua, mji wa wafinyanzi huko Fujian, bwana na bibi wa Kizungu wamekaa mezani na kofia zao za pembe tatu, vikapewa jina la Gavana Duff kwa kudhaniwa ni Diederik Durven aliyekuwa gavana mkuu wa Kiholanzi Batavia, Jakarta ya leo, 1729 hadi 1732. Wapo wanaoviita vya kejeli. Mi naviona ni bidhaa, vilitolewa kwenye kalibu kwa wingi na walionunua ni haohao Wazungu, wakaviweka juu ya meko ya sebuleni, wakajipenda.

Jambo moja ambalo nisipolisema nitakuwa nimekudanganya. Lile neno hoan, mshenzi, walowezi wa Kichina hawakumuitia Mzungu tu. Waliwaita hivohivo wenyeji halisi wa Taiwan, makabila yaliyokuwepo kabla ya Mholanzi na kabla ya Mchina, na baadhi ya mabwege wanaobeba kona ukiwaangalia vizuri hawana pua ndefu wala koti, wana hereni kubwa, miguu peku, kitambaa kiunoni. Huyo siyo ofisa wa mkoloni. Huyo ni mwenye shamba lililochukuliwa. Na kwenye yale maasi ya 1652 wapiganaji wa makabila hayo walikuwa upande wa Waholanzi dhidi ya Wachina, kwahiyo hasira ilikuwa na anwani nyingi. Fundi yuleyule, boriti ileile, mkoloni anabebeshwa kona ya mbele na aliyenyang'anywa anabebeshwa ya nyuma. Watembeza watalii wanakuonyesha ile ya mbele.

Ukirudi kwenye picha zako, zikuze. Angalia vifungo, viatu, sikio. Akiwa na koti na kiatu cha kisigino we una konsuli wako. Akiwa peku na hereni una kesi nyingine. Kisha angalia ngozi ya sanamu, kama inang'aa moja kwa moja bila mipasuko ni Koji, kama imejaa vipande vidogovidogo kama magamba ya samaki basi ni kazi nyingine kabisa inayofanana, mafundi wanachukua mabakuli ya wali, wanayavunja kwa plaizi vipande vya ukubwa wa ukucha, wanavibandika kimoja kimoja kwenye chokaa mbichi. Nilipoona mara ya kwanza nikakumbuka nguzo ya kaburi kule Mambrui na mabakuli yake ya Kichina yaliyopachikwa kwenye chokaa, watu wa pwani nao walijua kwamba bakuli ukimaliza kulia, au hata kabla hujalilia, kazi yake nyingine ni ukutani.

Na huyo wako wa dukani mgeuze chini, utakuta kitundu. Hicho kimeachwa hewa itoke wakati wa kuchoma, siyo kasoro. Usimtie chumvi wala pipi za wageni, hizo rangi siziamini na risasi. Mi wangu nimemuweka chini ya rafu ya vitabu, kona ya kushoto ambayo ilikuwa inalegea.